Muulize Mwalimu wa Miamba: Nani amefika huko chini?

Katika toleo lililopita niliandika sentensi moja tu kuhusu mantili, lile tabaka nene lililo kati ya ganda la Dunia na kiini chake. Nilisema ni mwamba mgumu, na kwamba wanaodhani ni uji wa moto wamefundishwa vibaya. Barua na ujumbe wa simu mliotuma vingejaza gazeti zima. Nimefurahi sana, maana hii ndiyo kazi niliyoifanya ujanani, kwenye maabara moja ya Ujerumani, kabla sijarudi nyumbani kufundisha. Maswali yaliyofanana nimeyaunganisha.

Mwalimu mwenzangu, kitabu tunachotumia kina mchoro wa Dunia iliyokatwa katikati. Mantili imepakwa rangi ya chungwa na imeandikwa "mawe yaliyoyeyuka". Wewe unasema ni mwamba mgumu. Wanafunzi wananiuliza: nani amekwenda kuona? Niwajibu nini? (Mwalimu wa jiografia, Maswa)

Waambie ukweli: hakuna aliyekwenda. Shimo refu kuliko yote yaliyowahi kuchimbwa kwenda chini ni lile la Kola, kaskazini-magharibi mwa Urusi. Walianza kulichimba mwaka 1970, na mwaka 1989 wakafika mita 12,262. Huko walikuta nyuzi 180 za Selsiasi, joto kali kuliko walivyotarajia, na mwamba ukawa unalegea na kutaka kuziba shimo. Wakaacha. Hata ganda la Dunia hawakulimaliza, na kutoka pale hadi kitovu kulikuwa kumebaki zaidi ya kilomita 6,300.

Tunachokijua kuhusu huko chini tumekipata kwa mashahidi wawili, na hakuna hata mmoja anayetosha peke yake.

Shahidi wa kwanza ni tetemeko. Ardhi ikitikisika, mawimbi husafiri ndani ya Dunia hadi upande wa pili. Yapo yanayosukuma na kuvuta, na yapo yanayotikisa upande kwa upande. Haya ya pili hayapiti kwenye kimiminika, kwa sababu kimiminika hakirudi kinapovutwa upande. Sasa angalia: mawimbi hayo ya kutikisa hupita mantili yote, hadi kina cha kilomita 2,890, halafu hukatika. Yanapokatika ndipo kinapoanza kiini cha nje, ambacho kweli ni chuma kilichoyeyuka. Mantili kuwa ngumu si maoni yangu basi. Kila tetemeko kubwa linathibitisha jambo hilo upya.

Ila tetemeko linakupa mwendo tu, halikutajii jina la jiwe. Wataalamu waliona zamani kwamba mawimbi yakifika kina cha kilomita 410 hivi huongeza kasi ghafla, na yakifika 660 huongeza tena. Kwa nini pale? Hapo anaitwa shahidi wa pili, maabara.

Unachukua olivini, madini ya kijani ambayo ni zaidi ya nusu ya mantili ya juu. Vipande vyake safi wauza vito wanavijua kwa jina la peridoti. Unaibana na kuipasha moto. Kanieneo, yaani kiasi cha mbano, ikifika gigapaskali 14 hivi, yaani karibu mara 140,000 ya ile ya hewa tunayovuta, atomu zake zinajipanga upya kwa kubanana zaidi na inakuwa madini mengine, wadsileiti. Ongeza tena, inakuwa ringwudaiti, ambayo ikiwa na chuma kidogo ndani yake ni ya buluu. Imepewa jina la Ted Ringwood wa Australia, ambaye miaka ya 1960 aliyatengeneza madini ya namna hii maabarani pamoja na Alan Major. Endelea hadi gigapaskali 23 au 24, kwa joto la nyuzi 1,600, na ringwudaiti nayo inavunjika kuwa madini mawili, bridgmanaiti na feroperiklesi. Mwaka 1989 Wajapani wawili, Eiji Ito na Eiichi Takahashi, walionyesha kwamba badiliko hilo la mwisho hutokea katika nafasi nyembamba mno ya kanieneo. Ukiigeuza kanieneo hiyo kuwa kina, unapata kilomita 660.

Mwalimu mwenzangu, hapo ndipo mimi hushindwa kufundisha kwa sauti ya kawaida. Mtu yuko Japani na kipande cha jiwe cha milimita chache, na namba yake inaoana na ile iliyopatikana kwa kupima mitikisiko ya Dunia nzima.

Swali la kuyeyuka: kanieneo hupandisha kiwango cha joto ambacho jiwe huyeyukia. Jiwe ambalo juu ya ardhi lingekuwa limeyeyuka zamani, huko chini linabaki gumu kwa sababu atomu zake hazina nafasi ya kuachana. Hata hivyo linatambaa, sentimita chache kwa mwaka, kwa kasoro ndogondogo zinazohama ndani ya fuwele. Gumu na linatambaa, yote mawili kwa pamoja. Wanafunzi huliona hilo gumu kuamini siku ya kwanza, wape muda.

Na mkichora tena, pakeni kijani kilomita 410 za juu.

Shikamoo Mwalimu. Nasoma kidato cha tano, mchepuo wa PCM. Sielewi mnawezaje kupata kanieneo ya namna hiyo ndani ya chumba bila jengo kubomoka. (Mwanafunzi, Morogoro)

Marahaba mwanangu. Jibu liko kwenye daftari lako: kanieneo ni kani gawanya kwa eneo. Kuna wanaoongeza kani, na kuna wanaopunguza eneo.

Wanaoongeza kani wana mashine ya haidroli ndefu kuliko mtu, yenye uwezo wa tani 1,000 na nyingine hadi 5,000. Ndani yake unaweka miche minane ya mraba ya tangsteni kabaidi, ile nyenzo ngumu ya kukatia chuma. Kila mmoja umekatwa kona moja. Ukiipanga pamoja, zile kona nane zilizokatwa zinaacha nafasi katikati yenye nyuso nane, na humo ndimo unamoweka kitu cha nyuso nane kilichochongwa kwa oksidi ya magnesi. Ndani ya hicho kuna tanuru dogo, ndani ya tanuru kuna kapsuli ya platini au dhahabu, ndani ya kapsuli kuna unga wa jiwe lako. Waya mbili nyembamba za kupimia joto zinaingia ubavuni. Kuandaa mkusanyiko huo mmoja ni kazi ya mikono ya siku nzima: gundi, msasa, kukagua kila mwanya. Kanieneo inapandishwa kwa saa kadhaa. Unapasha moto. Halafu unakata umeme ghafla, sampuli inapoa kwa sekunde chache na madini yanabaki katika umbo la huko chini, hayapati muda wa kurudi. Kushusha kanieneo ndiyo hatari yenyewe. Ukiharakisha, mkusanyiko unalipuka na kabaidi inapasuka kwa kishindo kinachosikika hadi ngazi za juu. Kwa hiyo inashushwa taratibu usiku kucha, na asubuhi ndipo unafungua. Mara ya kwanza nilipoona punje za buluu chini ya darubini, zimetoka kwenye unga wa kijani nilioutia mwenyewe, nilimwita kila mtu aliyekuwa kwenye korido.

Wanaopunguza eneo wanatumia almasi mbili. Zinakatwa kama za pete, kila moja ina robo au theluthi ya karati, lakini ncha yake imesuguliwa ikawa bapa. Fanya hesabu hii nami. Chukua ncha yenye kipenyo cha milimita 0.1. Eneo lake ni milimita za mraba 0.00785. Weka juu yake uzito wa mtu mmoja wa kilo 80, yaani kama nyutoni 785. Gawanya. Unapata gigapaskali 100, kanieneo ya kina cha kilomita zaidi ya 2,000. Kwa kweli sehemu ya kani inaliwa na gasketi, kibamba kinachokaa kati ya almasi hizo, hivyo unahitaji zaidi ya hapo, ila skrubu nne za kukaza kwa mkono zinatosha. Chombo chote kinaingia kwenye kiganja.

Kukipakia ni jambo la subira. Gasketi ni bamba la renia, metali ngumu sana. Kwanza unalibana kati ya zile almasi hadi unene wake uwe sehemu chache za mia za milimita, halafu unatoboa katikati kitundu chembamba kuliko ncha ya almasi. Kitundu hicho ndicho chumba chako. Unakitia kipande cha jiwe kwa sindano, ukiangalia kwenye darubini, umebana pumzi. Umeme tuli wa sindano unaweza kukirusha usikione tena. Pembeni unaweka punje ya rubi, kisha gesi kama neoni au heli ili mbano uwe sawa pande zote. Unafunga, unakaza.

Rubi ni kipimo. Ukiimulika kwa leza inatoa mwanga mwekundu wa urefu wa nanomita 694.3, na kadiri inavyobanwa, urefu huo unaongezeka kwa kiasi kinachojulikana. Njia hiyo ilipatikana karibu na Washington, Marekani, mwaka 1972, na ilikuwa ukombozi, kwa sababu kabla yake kupima kanieneo ndani ya kitundu kidogo vile kulikuwa kazi ngumu kupita kiasi. Joto nalo linatoka kwenye leza inayopenya almasi na kulichoma jiwe, na linapimwa kwa rangi ya mwanga ambao jiwe lenyewe linatoa. Kujua atomu zimejipangaje unahitaji eksirei kali mno na nyembamba mno, na hizo zinapatikana kwenye mitambo michache mikubwa duniani: Grenoble kule Ufaransa, nje ya Chicago, na SPring-8 kule Japani. Unaomba nafasi kwa maandishi, ukipewa ni siku chache, na siku hizo hakuna anayelala.

Chombo chenyewe kilizaliwa Washington mwaka 1958, na almasi za kwanza zilikuwa zile serikali ya Marekani ilizokamata kwa wasafirishaji wa magendo. Mwaka 1976 Ho-kwang Mao na Peter Bell walivuka gigapaskali 100. Mwaka 2004 kundi la Kei Hirose na Motohiko Murakami lilibana bridgmanaiti hadi gigapaskali 125 kwa joto la zaidi ya nyuzi 2,000, ikageuka kuwa umbo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, na kanieneo hiyo ni ya kilomita mia chache juu ya kiini, mahali ambapo mawimbi ya tetemeko yalikuwa yakifanya mambo yasiyoelezeka. Mwaka 2010 Hirose na Shigehiko Tateno wakafikisha chuma gigapaskali 377 na joto la kelvini 5,700. Kitovu cha Dunia ni gigapaskali 364.

Almasi huvunjika, ndiyo. Unasikia "tak" moja kavu, unaangalia kwenye darubini, unaona unga.

Mama Mwalimu, hujambo? Mimi ni fundi wa malori. Nina jeki ya tani 20. Je, naweza kutengeneza almasi kwa makaa? (Fundi, Mombasa)

Sijambo, kaka. Tani 20 kwenye sentimita moja ya mraba ni kama gigapaskali 2, kanieneo ya kina cha kilomita 60 hadi 70. Si haba. Lakini almasi inataka zaidi ya 5, na joto la nyuzi 1,400 kwenda juu, na chuma au nikeli iliyoyeyuka ili kaboni ijipange upesi. Kabla hujafika hapo, chuma cha jeki yako kitakuwa kimekubali kupinda. Ndiyo maana Tracy Hall, aliyefaulu tarehe 16 Desemba 1954 kwenye maabara ya General Electric kule Marekani, alilazimika kubuni pete za kabaidi zilizofungwa ndani ya mikanda ya chuma. Waswidi wa kampuni ya ASEA walikuwa wamefaulu kabla yake, mwaka 1953, wakanyamaza.

Nakuomba sana usijaribu. Kitu kilichobanwa kikiachia kinatoka kama risasi, na karakana ina vijana wanaofanya kazi karibu nawe.

Majaribio haya hayawezi kuleta tetemeko? Sisi hatujasahau la mwaka 2016. (Msomaji, Bukoba)

Poleni, na haki yenu kuuliza. Hapana. Kinachobanwa kati ya almasi ni kidogo kuliko punje ya chumvi, na hata kwenye mashine kubwa ni milimita chache tu. Tetemeko la Kagera lilitokana na ufa ndani ya ganda, mwamba wa kilomita nyingi kuteleza kwa mara moja.

Assalamu alaykum, mwanangu. Nilizaliwa Unguja, nakaa Nizwa mwaka wa arubaini sasa. Vijana wa chuo wameniambia hii milima yetu ya rangi ya kahawia ilitoka ndani ya hiyo mantili. Ikiwa ni kweli, hao wazungu wanahangaika na mashine za nini, si waje wachukue? (Mzee, Nizwa, Oman)

Wa alaykum salaam, mzee wangu. Vijana wamekwambia kweli, na wewe unaishi mahali ambapo wanajiolojia wa dunia nzima wanapaota. Ule mlima mkubwa, Jabal Akhdhar, ni mawe ya chokaa, huo uache. Lakini vile vilima vyeusi na vya kahawia vinavyouzunguka, ukienda Samail, Ibra na kwingineko, ni sakafu ya bahari ya kale pamoja na mantili iliyokuwa chini yake. Ilitengenezwa miaka milioni 95 hivi iliyopita, kisha ikasukumwa juu ya bara Arabu. Yapo mabonde ambayo mtu anaweza kuweka mguu mmoja kwenye ganda na mwingine kwenye mantili. Mpaka huo Mkroatia Andrija Mohorovičić aliugundua mwaka 1909 kwa mawimbi ya tetemeko, na nyinyi mnapita juu yake na gari.

Ukipasua jiwe la huko likiwa bichi kidogo ndani, utaona kijani: hiyo ndiyo olivini. Ukahawia wa nje ni kutu ya chuma kilichomo. Maji ya mvua yameingia na kuibadilisha sehemu kubwa, na ndiyo sababu ya ile mishipa myeupe na zile chemchemi zenye utando mweupe.

Kwa nini basi mashine? Kwa sababu jiwe lenu linatoka mantili ya juu kabisa, makumi ya kilomita. Chini yake kuna kilomita zaidi ya 2,800 nyingine. Na hata kama jiwe la kilomita 1,000 lingepanda polepole hadi Samail, bridgmanaiti ingekwisha kugeuka njiani, maana kanieneo ikiondoka na joto lipo, haivumilii. Ndiyo madini mengi kuliko yote katika Dunia, kiasi cha asilimia 38 ya ujazo wake, na hayakupewa jina rasmi hadi mwaka 2014, kwa kuwa sheria ya majina inataka kielelezo cha asili na hapakuwa nacho. Kilipatikana ndani ya kimondo kilichoanguka Tenham, Australia, mwaka 1879, ambacho kiligongwa angani kwa nguvu kikapoa upesi. Jina ni la Percy Bridgman, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1946 kwa kazi ya kanieneo kubwa.

Jambo sana Mama. Kama mantili ni ngumu, hii lava ya Nyiragongo inatoka wapi? Ni kwenye kiini? (Msomaji, Goma)

Jambo, ndugu yangu. Haitoki kwenye kiini. Inatoka kina cha kilomita mia moja hivi au zaidi kidogo. Nilisema kanieneo ndiyo inayoshikilia mwamba usiyeyuke. Mwamba wa moto ukipanda kuelekea juu, mzigo ulio juu yake unapungua, joto lake halipungui sana, na sehemu yake ndogo inayeyuka. Hakuna moto ulioongezwa, ni mbano tu uliopungua.

Majaribio yametufundisha jambo la pili linalowahusu nyinyi moja kwa moja. Ukitia kaboni dioksidi kwenye mwamba wa mantili kabla ya kuubana, unayeyuka kwa joto dogo zaidi, na kile kinachoyeyuka kina silika kidogo na ni chepesi kutiririka. Hiyo ndiyo sura ya lava ya Nyiragongo. Wepesi wake ndio uliowaua watu mwaka 1977, maana iliteremka kwa kasi isiyo ya kawaida, ikaingia mjini mwaka 2002, na ikafika ukingoni mwa mji 2021.

Chini zaidi, juu tu ya kiini, kusini mwa bara letu kuna eneo kubwa mno ambamo mawimbi ya tetemeko huenda polepole. Limeinuka zaidi ya kilomita 1,000. Wengi wanaamini joto linalopanda kutoka upande huo linahusika na Bonde la Ufa. Kama eneo hilo ni la moto tu, au pia lina madini ya aina nyingine, ubishi unaendelea, na hauwezi kukatwa kwa matetemeko peke yake. Lazima mtu abane madini ya aina hii na ile, apime sauti inapita kwa kasi gani ndani ya kila moja, kisha alinganishe. Hiyo ni kazi ya sasa hivi. Natamani ifanywe pia na vijana wa huku, kwa sababu eneo lenyewe liko chini yetu.

Nimesoma kwamba kuna bahari iliyofichwa chini ya ardhi, kubwa kuliko zote. Inawezekana kufika huko kwa boti? (Msomaji, Kigoma)

Hapana, si maji ya kuelea. Wadsileiti na ringwudaiti, yale madini ya kati ya kilomita 410 na 660, maabarani yameonekana kuwa na uwezo wa kubeba maji kwa asilimia 2 na zaidi ya uzito wao. Maji hayo yamevunjwa: hidrojeni imejishika kwenye oksijeni ndani ya fuwele. Ukiligusa jiwe ni kavu. Lakini tabaka hilo ni kubwa, na kila asilimia 1 ya maji ndani yake ingekuwa kiasi cha mara tatu ya bahari zote. Kwamba linaweza kuyabeba tulijua kwa majaribio. Kwamba walau mahali fulani limeyabeba kweli, tumejua kwa almasi moja, na hiyo naieleza kwenye jibu linalofuata.

Mama, sisi wachimbaji wadogo huku tunachekecha mchanga, na almasi nyingi tunazopata zina madoa. Broka akiona doa anashusha bei. Kuna mtu katuambia wanasayansi wanazitaka hizo hizo. Ni kweli au anatutapeli? (Mchimbaji, Maganzo)

Ni kweli wanazitaka. Utapeli unakuja kama amewaahidi mamilioni.

Sikiliza habari ya Juina, Brazili. Mwaka 2008 wachimbaji kama nyinyi walitoa kwenye kokoto za mto almasi ya kahawia, chafu, ya milimita 3, isiyofaa kwa pete. Wanasayansi waliinunua kwa dola 20 hivi. Walikuwa wakitafuta kitu kingine kabisa. Ndani yake, kwenye doa lisiloonekana kwa macho, kundi la Graham Pearson lilikuta ringwudaiti, ya kwanza kuonekana iliyotoka ndani ya Dunia yenyewe. Habari ilitangazwa mwaka 2014. Ilikuwa na maji kwa asilimia 1 na nusu hivi ya uzito wake. Almasi ilikuwa imeifunga isipanuke tangu kilomita 500 na zaidi chini, ikapanda nayo hadi juu, ikabaki imeikaba hadi siku ile. Almasi ya maabarani inabana kutoka nje, hii ilibana kutoka ndani, na zote mbili zikasema jambo moja.

Kusini mwa Afrika nako yametokea. Mwaka 2018 lilitangazwa doa la kalsiamu silikati katika almasi ya mgodi wa Cullinan, Afrika Kusini, lenye mpangilio wa atomu ambao usipobanwa hauishi. Zipo pia garneti, madini mengine ya mantili, ndani ya almasi ambazo, kwa jinsi zilivyochanganyika na madini mengine, tunaweza kusoma zimetoka kina gani, kwa sababu maabarani zimeshatengenezwa kwa kanieneo mbalimbali. Bila vipande vile vya maabara, doa hilo lingebaki doa.

Almasi za Mwadui, jirani zenu, nazo zimechunguzwa. Madoa yake mengi ni garneti, olivini na ndugu zao, madini ya mzizi wa bara letu, kina cha zaidi ya kilomita 150. Ni historia ya ardhi mnayoikanyaga tangu kabla ya Williamson, mwanzilishi wa mgodi huo, kuja kuikuta mwaka 1940.

Kuhusu bei, sitakudanganya. Mwanasayansi hana fedha za kumzidi broka. Uza kwenye soko la madini lenye leseni, upate hati. Lakini doa lina thamani ya pili ambayo inapotea siku ileile unayouza: mahali ilipotoka. Mtafiti akipata almasi bila kujua shimo wala tabaka la kokoto, nusu ya maana yake imekwenda.

Kwa hiyo fanya hivi. Nunua lenzi ya kukuza mara 10, ile ya masonara. Osha jiwe, liangalie kwenye jua. Garneti itaonekana ya zambarau au ya rangi ya chungwa. Olivini haina rangi. Salfaidi, madini yenye salfa, ni nyeusi, na mara nyingi ina ufa mdogo unaong'aa kama duara kuizunguka. Usilivunje wala kulisugua ili utoe doa. Andika kwenye daftari tarehe, shimo, kina na ulichokiona, halafu piga picha kwa simu kupitia lenzi hiyo. Mkikusanya daftari za namna hiyo kikundi kizima, niandikieni tena kupitia gazeti, nami nitatafuta idara ya jiolojia ambayo itakuja Maganzo kuzisoma pamoja nanyi.